Moshi Pangoni: Popo, Mganga na Mbuyu wa Ugogo

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya waganga wa tiba asili, walimu na maofisa ugani

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie uwindaji wa popo kwa ajili ya dawa, na athari zake kwa uhifadhi. Naona safu ya mbele wamekaa waganga, nyuma yao walimu na maofisa ugani. Mmeketi vizuri, maana mengi ya leo nayaelekeza mbele. Niseme mapema kwamba sikuja kubishana na kazi ya uganga. Tiba asili ina sheria yake nchini tangu 2002, ina Baraza linalosajili waganga, na pale Muhimbili iko taasisi ya chuo kikuu ambayo kazi yake ni kuchunguza dawa hizi. Anayeanza mhadhara kama huu kwa kuwaita watu washirikina ameshindwa kabla hajafika katikati, na popo hawapati faida yoyote.

Jambo langu ni moja. Cha kutazama kwanza ni namna popo anavyochukuliwa: ni mahali gani na ni mwezi gani. Popo mmoja aliyenaswa usiku kwenye mwembe ni hasara ndogo. Popo mia waliofukizwa moshi ndani ya pango mwezi wa kumi na mbili ni hasara ambayo aliyewasha moto huo anaweza asiishi kuiona ikizibika. Nipeni nafasi nieleze kwa nini.

Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo. Katika kila aina tano za mamalia, moja ni popo. Kwa mahitaji ya leo tuwagawe mafungu mawili. Wapo wanaokula matunda na kunywa mbochi ya maua, wenye uso kama wa mbwa na macho makubwa. Na wapo wadogo wanaokula wadudu, wengine hata gramu kumi hawafiki, wanaotafuta njia gizani kwa mwangwi wa sauti zao wenyewe. Wa kwanza hulala zaidi mitini. Wa pili hulala mapangoni, kwenye nyufa za miamba, ndani ya mibuyu yenye uwazi, na ndani ya dari za shule na makanisa yetu. Yupo popo mmoja wa matunda anayekaa pangoni. Huyo nitamrudia, ana kesi yake peke yake.

Sasa mlinganisheni popo na panya shamba, yule anayefukua mbegu za mahindi kabla hazijachipua. Panya shamba hubeba mimba wiki tatu na siku chache, huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo, na mwaka wa mvua nzuri hurudia tena na tena. Ua panya mia leo, baada ya miezi michache shamba halina habari. Popo mla wadudu ana mwili mdogo kuliko panya huyo, na mtu angetegemea azae vivyo hivyo. Hazai. Popo walio wengi huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mtoto huyo huzaliwa akiwa na karibu robo ya uzito wa mama yake. Ni kama mama wa kilo 60 ajifungue mtoto wa kilo 15. (Kinamama wameguna, na wana haki.) Kinachomfidia popo ni umri. Kule Siberia alinaswa popo aliyekuwa amevalishwa pete miaka 41 kabla, na mwili wake wote ni gramu saba hivi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Hii ni ya mfano tu, ya ubaoni. Pango lina majike 200. Wanazaa watoto 200. Nusu hawafiki mwaka. Wanabaki 100, na kati yao majike ni 50 tu, nao ndio wanaotakiwa kuziba nafasi za mama zao wanaokufa kwa njaa, kwa bundi, kwa nyoka na kwa uzee. Ziada inayobaki ni ndogo mno. Hapo ndipo anapokuja kijana aliyetumwa. Anakata matawi mabichi, anawasha moto mlangoni mwa pango, anatega gunia au chandarua, na baada ya nusu saa ana popo mia na hamsini. Aliyemtuma alihitaji watatu.

Hao wengine hakuna anayewaandika popote. Na hata waliopenya wakatoroka, wengi wameacha watoto wakining'inia kwenye mwamba. Mama wa popo anapokurupushwa mchana hawezi kila mara kuondoka na mwanawe, hasa kama amekua kidogo. Mtoto akianguka sakafuni, siafu humwahi. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka ni milimita mia tano na kitu, mwaka mzuri mia sita. Popo wa nchi zenye kiangazi kirefu kama chetu huzaa mvua zinapokaribia au zinapoanza, ili mama anyonyeshe wakati wadudu ni wengi. Kwa hiyo moto uleule ukiwashwa Julai na ukiwashwa Desemba haulingani kabisa kwa madhara.

Kwa wenzetu wa Kondoa nina nyongeza. Michoro ya miambani ya kule Kolo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Kwenye miamba ile kuna mapango, na penye pango popo hakosekani. Moshi unaowashwa chini ya mwamba wenye mchoro huacha masizi juu ya kazi ya mikono ya watu waliotutangulia kwa miaka maelfu, na masizi hayo hakuna mtu mwenye njia rahisi ya kuyatoa.

Turudi kwenye dawa yenyewe. Wazee, ya huku kwetu mnayajua nyinyi kuliko mimi, na baadaye nitawaachia nafasi. Niseme ya mbali. India na Pakistani mafuta ya yule popo mkubwa wa matunda hupakwa kwenye viungo vinavyouma, na wapo wanaomtumia kwa pumu. China mavi ya popo yamo kwenye vitabu vya dawa za macho kwa karne nyingi. Bolivia damu ya popo hai hunywewa kwa ajili ya kifafa, na watafiti waliozunguka masoko ya miji ya nchi hiyo walikadiria mwaka 2010 kuwa popo zaidi ya 3,000 walikuwa wakiuzwa kila mwezi. Wengi wa hao ni aina zinazosambaza mbegu za miti ya msituni.

Mtu ataniambia, mbona nyama inaua wengi zaidi? Kweli. Ghana peke yake ilikadiriwa mwaka 2011 kwamba popo wa matunda kama 128,000 huuzwa kwa nyama kila mwaka, na idadi hiyo inatisha. Lakini nyama ina breki yake. Popo wakipungua, mwindaji anatembea mbali zaidi kwa mzigo mdogo zaidi, mwishowe anaona heri afuge kuku. Dawa haina breki hiyo. Mgonjwa hatafuti kilo, anatafuta mmoja. Popo akiadimika bei inapanda, na wapo watu ambao dawa ikiwa ghali ndipo wanapoiamini zaidi. Hapa ndipo ninapoona hatari ya uwindaji wa dawa: unaweza kuendelea kulifuata kundi lililobaki dogo hadi mwisho wake, wakati mtu wa nyama ameshaacha siku nyingi.

Je, inatibu? Mnastahili jibu langu bila kuzungukazunguka. Sijaona ushahidi kwamba damu au mafuta ya popo yanatibu kifafa au pumu. Kifafa tunakijua vizuri hapa nchini. Kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, wakati wagonjwa wakitengwa na familia zao, wakila peke yao, wakiogopwa kuguswa hata wanapoangukia motoni. Alichotumia zaidi ni fenobabito, kidonge cha bei ndogo, na watu walirudi kulima na kuoa. Mganga anayempokea mtoto mwenye kifafa akampeleka zahanati hajapunguza heshima yake, na huyo mtoto akitulia, kijiji kitakumbuka aliyemtuma huko. Mnanikatalia? Mzee wa pale anatikisa kichwa. Tutazungumza, mzee wangu, nafasi ipo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama wa porini ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na kuwinda bila kibali ni kosa. Nimeitaja kwa sababu ni wajibu kuitaja. Ila tusidanganyane: askari wa wanyamapori wana tembo na faru wa kuwatazama, na hakuna atakayelala mlangoni mwa pango la popo. Pango linalindwa na walio jirani nalo, au halilindwi kabisa.

Sasa mbuyu. Hapa nitakaa, maana ndipo mtu wa Ugogo anapoguswa.

Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama. Ni jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kwa kikonyo kirefu likiangalia chini, na harufu yake si ya kumpelekea mchumba. Asubuhi limeshaanza kunyauka, na siku ya pili liko chini. Kazi yote ya uchavushaji iko ndani ya usiku mmoja. Nyuki wanaolifikia kulipopambazuka wamekuta karamu imekwisha. Anayelifikia kwa wakati ni popo wa matunda. Analikumbatia, anaingiza uso katikati ya ule msitu wa nyuzi za chavua, anakunywa mbochi, anaondoka na kichwa kilichojaa unga wa manjano, anaruka hadi mbuyu mwingine. Huko kuruka hadi mbuyu mwingine ndiko kwenye maana, kwa sababu mbuyu kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Bila chavua ya mti mwingine, ua linadondoka na hakuna buyu.

Katika nchi nyingi za Afrika utawasikia wakulima wakisema mbuyu huu dume, ule jike, kwa sababu mmoja unazaa na mwingine hauzai. Maua ya mbuyu yote yana sehemu zote mbili, kwa hiyo dume na jike kwa maana ya mpapai haipo. Kwa nini miti fulani huzaa kidogo mno ni swali ambalo wataalamu bado wanalifanyia kazi, na suala la chavua liko miongoni mwa majibu yanayochunguzwa.

Niwe mkweli kwa wanasayansi wenzangu mlioko nyuma: kusini mwa Afrika popo huonekana mara chache kwenye maua ya mbuyu, na nondo wakubwa ndio wameonekana wakifanya kazi hiyo. Komba nao hutembelea maua. Kwa hiyo sisemi popo akiisha leo mbuyu unakufa kesho. Nasema Afrika Mashariki na Magharibi popo ndiye mchavushaji anayetajwa mbele ya wengine, na popo huruka masafa marefu. Popo wa rangi ya majani makavu, yule mkubwa mwenye mabawa yanayokaribia mita moja kutoka ncha hadi ncha, huruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja kutafuta chakula. Kila mwaka kuanzia Oktoba mamilioni yao hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu huko Kasanka, Zambia, na waliofungwa vifaa vya satelaiti wamefuatiliwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale. Mbuyu wa kijiji kimoja unaweza kuwa kituo cha mgeni aliyetoka nchi mbili mbali.

Na mbuyu unaoota leo utachukua miaka ishirini au zaidi kabla ya ua la kwanza. Wakulima wengi wameuacha mti huu shambani wakati miti mingine yote ilikatwa, na sababu tunazijua: majani yake ni mboga, magome yake ni kamba, magunia ya ubuyu yanatoka hapa kwenda Dar es Salaam na Zanzibar. Waganga nanyi mnauchukulia magome na mizizi. Hesabu nyinyi wenyewe ni dawa ngapi kwenye kibuyu chenu zinatokana na mbuyu, na ni ngapi zinatokana na popo.

Popo wa wadudu nao nisiwasahau, ingawa nitapita haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ajabu. Walijenga vizimba vya nyavu juu ya mahindi, wakavifunga usiku ili popo wasiingie, wakavifungua mchana ili ndege waingie. Kwenye mahindi yaliyokosa popo, viwavi wa magunzi walizidi kwa zaidi ya nusu, na ukungu wenye sumu ulizidi pia, maana kiwavi akitoboa punje anaufungulia ukungu mlango. Maofisa ugani mmenyanyua vichwa, na najua kwa nini. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, uliougusa watu 68 na kuua 20. Sidai kwamba popo wangewaokoa wale. Mahindi yalivunwa, yakakaushwa na yakahifadhiwa kwa namna ambayo ilikuwa na matatizo yake. Nasema tu kwamba viwavijeshi vamizi walioingia nchini miaka michache iliyopita ni watoto wa nondo, nondo huruka usiku, na usiku kuna mtu mmoja mwenye mdomo wazi.

Sasa yule popo wa matunda wa pangoni niliyesema ana kesi yake. Ndiye anayebeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Kagera imepata mlipuko mwaka 2023, ikapata tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025. Baada ya habari kama hizo watu husema, basi tuwachome wote. Uganda walijaribu. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg kwenye mgodi wa Kitaka, na mwaka uliofuata popo wa mgodi huo waliangamizwa. Miaka ikapita, popo wapya wakahamia, na wataalamu walipowapima walikuta walioambukizwa ni zaidi ya mara mbili ya uwiano wa awali. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena wilaya ya jirani. Sababu inaeleweka: ukiwaondoa wakubwa waliokwisha kuugua na kupata kinga, unawafungulia nafasi vijana ambao hawajawahi kuambukizwa.

Kwa kijana wetu mwenye gunia, maana yake ni kwamba anaingia mahali pabaya kuliko pote kwa njia mbaya kuliko zote. Anavuta vumbi la mavi makavu, anang'atwa vidoleni, anapakwa damu, halafu anampelekea mganga mzigo hai. Mganga ndiye anayemchinja. Ukihesabu walio hatarini, mteja ni wa tatu.

Kuna mahali palipofanikiwa, na ni hapa hapa nchini. Pemba wana popo wao, mkubwa, mwekundu kichwani kama mbweha, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Aliwindwa kwa nyama hadi mwishoni mwa miaka ya themanini wakabaki wachache sana. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala, shule zikaingia, na pale Kidike wageni wakaanza kulipia kuwaona. Hesabu ya 2007 ilikuta karibu 20,000. Na kumbukeni, miaka hiyohiyo ya tisini ndiyo kisiwa kilikuwa hakilali kwa hofu ya Popobawa, jini la usiku! Watu walimwogopa Popobawa usiku, na mchana wakamlinda popo. Kwa hiyo msiniambie imani za watu ndizo zinazozuia uhifadhi.

Kilichofanya kazi Pemba ni kulinda mahali pa kulala. Hawakuanza na mabango ya kumsifu popo, na mimi mabango hayo siyaamini sana. Nikiwaomba waganga jambo leo, ni kwamba mkataeni popo wa pangoni. Mkiletewa popo, ulizeni ametoka wapi. Akiwa wa pango, mwambieni kijana hamnunui, leo wala siku nyingine. Na kuanzia Oktoba hadi Machi msinunue popo wa aina yoyote. Mnajua kuacha mzizi fulani upumzike kwa msimu; hilo si geni kwenu. Mnunuzi akikataa, moto hauwashwi, na hiyo ni njia fupi kuliko kumsubiri askari.

Mwalimu wa Bahi ameniandikia swali kabla sijamaliza, nami nalijibu kisha nawapisha wazee. Anasema darini mwa darasa kuna popo, mavi yanadondokea madaftari, afanye nini? Asiwafukize, na asizibe mashimo sasa hivi, maana watoto watafia ndani na harufu itamfukuza yeye kabla ya popo. Asubiri mvua ziishe na watoto wawe wanaruka, kwenye Mei au Juni. Jioni, wakishatoka, aangalie wanapita tundu lipi. Matundu mengine yote ayazibe kwanza. Juu ya lile moja aning'inize kipande cha wavu laini, kipigiliwe misumari juu na pembeni, chini kiachwe wazi: popo atatoka kwa kutambaa chini yake na hatajua njia ya kurudi. Baada ya wiki moja bila kuona anayetoka, azibe. Mavi ayamwagie maji kabla ya kufagia, na afunge kitambaa puani. Akiwa na nafasi, awatundikie kisanduku cha mbao kwenye mti wa karibu, mita nne au tano juu, kikiwa na mdomo chini.

Mzee uliyetikisa kichwa, kipaza sauti ni chako.